Fomula ya Yamane imenipa 300, msimamizi karudisha andiko. Tatizo liko wapi?

Mwanzo Mgumu:

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti. Mada yangu ni "Athari za matumizi ya simu usiku kwa mahudhurio ya wanafunzi darasani". Walengwa ni wanafunzi 1,200 wa chuo kimoja: mwaka wa kwanza 540, wa pili 360, wa tatu 300. Nimetumia fomula ya Yamane, ile ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, kwa kosa la asilimia 5, nikapata 300. Nikaandika kwamba nitatumia usampulishaji lengwa (kuchagua watu kwa makusudi): kiungo cha dodoso nitakiweka kwenye magrupu ya WhatsApp ya madarasa mpaka watimie 300, na wakipungua nitagawa karatasi darasani. Halafu nitahoji watu 15 ana kwa ana ili nipate sababu zilizojificha.

Msimamizi karudisha andiko na maneno manne pembeni: (1) fomula na mbinu haviendani, (2) orodha ya kuchotea sampuli iko wapi? (3) kizio cha uchanganuzi ni kipi? (4) kwa nini "athari"?

Vitabu nilivyosoma vinataja aina za sampuli moja baada ya nyingine, ila havisemi ufanye nini ukishakaa mezani. Je, nipandishe idadi ifike 400?

---

Kurunzi:

Kwanza usiongeze hata mmoja. Idadi yako haina shida, shida ni namna unavyowapata.

Fomula ni n = N ÷ (1 + N × e²). Kwako 1,200 × 0.0025 = 3, na 1,200 ÷ 4 = 300. Hesabu imenyooka. Lakini fomula hiyo inachukulia kwamba kila mmoja wa wale 1,200 ana nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, na kwamba anayeamua nani aingie ni bahati nasibu, si wewe wala yeye mwenyewe. Ile asilimia 5 hupima jambo moja tu: kiasi ambacho matokeo yangeyumba kama ungerudia kuchota sampuli nasibu mara nyingi kutoka orodha ileile. Ukiandika "usampulishaji lengwa" hakuna bahati nasibu tena, kwa hiyo asilimia 5 inabaki pambo. Hiyo ndiyo hoja ya kwanza ya msimamizi.

Sasa angalia mada yako yenyewe, maana hapa pana mtego ambao wengi hawauoni. Unachunguza matumizi ya simu usiku. Kiungo unakiweka WhatsApp. Nani atakiona mapema na kukijaza kabla hawajatimia 300? Yule anayeshinda kwenye simu. Asiye na bando, aliyezima arifa, aliyejitoa kwenye grupu, wote wako nje. Kigeu chako huru, yaani kile unachodhani ni chanzo (simu), ndicho kinachokuchagulia sampuli.

Unasema waliobaki utawapa karatasi darasani. Waliomo darasani ni akina nani? Wanaohudhuria. Watoro, ambao ndio nusu ya swali lako, hawapo siku hiyo. Sasa kigeu tegemezi, yaani matokeo unayoyapima (mahudhurio), nacho kinakuchagulia sampuli. Utabaki na watu wanaotumia simu sana na wanaohudhuria sana, na tofauti kati yao itakuwa ndogo. Tofauti zikibanwa hivyo, uhusiano huonekana dhaifu hata kama kwa wale 1,200 una nguvu. Utaandika "hakuna uhusiano wa maana" kumbe umeufuta mwenyewe wakati wa kukusanya data.

Kupandisha hadi 400, au 800, kwa njia hiyohiyo kunazidisha watu wa aina ileile. Mfano unaofundishwa kila mahali ni wa jarida la Literary Digest la Marekani mwaka 1936: lilituma karatasi za maoni takriban milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatabiri Landon atashinda urais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Anwani nyingi zilitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, tena waliojibu hawakufanana na walionyamaza. Sampuli ya milioni 2 ilishindwa na sampuli ndogo zaidi sana zilizochaguliwa kwa uangalifu zaidi.

---

bi_takwimu:

Naunga mkono Kurunzi, niongeze utekelezaji.

Orodha ya kuchotea sampuli ni orodha halisi yenye kila mlengwa mara moja tu. Kwako ni orodha ya usajili ya muhula huu. Ichunguze kabla ya kuitumia: walioahirisha masomo wamo? Waliohamia wameongezwa? Kuna anayeonekana mara mbili kwa sababu anarudia somo? Orodha ikiwa na waliokwisha kuondoka, utawatafuta wiki nzima watu ambao hawapo. Ikiwakosa wageni, hao hawana nafasi hata moja ya kuchaguliwa. Andika kwenye sura ya tatu orodha ni ya tarehe gani na umeondoa nini.

Kwa kuwa una miaka mitatu ya masomo na huenda tabia zinatofautiana, tumia usampulishaji nasibu wa tabaka: kila mwaka ni tabaka lake, na unachota nasibu ndani ya kila tabaka kwa kadiri ya ukubwa wake. 300 ÷ 1,200 ni robo, basi chukua robo ya kila mwaka: 135, 90 na 75. Jumla 300.

Lakini 300 ni dodoso unazotaka zirudi, si watu unaowafuata. Ukikadiria kwamba 75 kati ya 100 watajibu, gawanya: 300 ÷ 0.75 = 400. Sasa unachota theluthi ya kila tabaka: 180, 120, 100. Kwa hiyo ile 400 yako ilikuwa sahihi, ila kwa sababu nyingine kabisa.

Kuchota kwenyewe ni kazi ya nusu saa. Kwenye Excel weka kila tabaka kwenye laha yake, ongeza safu ya =RAND() inayotoa namba nasibu, nakili safu hiyo na uibandike kama thamani tupu, kisha panga kuanzia ndogo hadi kubwa na uchukue mistari 180 ya juu. Ukisahau kubandika kama thamani, namba hubadilika kila ukigusa jedwali na hutaweza kumwonyesha msimamizi ulivyochagua. Hifadhi faili hilo.

Njia ya kuruka hatua nayo ipo: ukitaka 400 kati ya 1,200, unaruka kwa 3, unachagua nasibu mwanzo kati ya 1, 2 na 3, kisha unachukua kila wa tatu. Ni rahisi, lakini tazama orodha imepangwaje. Ikiwa imepangwa kwa vikundi vya watatu na kiongozi yuko juu, mwanzo wa 1 unakupa viongozi watupu.

Aliyechaguliwa asipopatikana, usimbadilishe na mwenzake wa chumbani aliyekuwepo. Mfuate tena, angalau mara tatu kwa siku na saa tofauti, kisha umhesabu kama hakujibu. Ukishaanza kujaza pengo na "yeyote aliyepo" umerudi kulekule kwenye WhatsApp.

Angalizo la mwisho: ile asilimia 5 ni ya wote 300 kwa pamoja. Ukisema jambo kuhusu mwaka wa tatu peke yao, wenye majibu 75, kosa linafika karibu asilimia 10. Usije ukalinganisha miaka kwa tofauti ya asilimia 4 na kuiita ugunduzi.

---

Mwanzo Mgumu:

Asanteni sana. Sasa kikwazo: ofisi ya usajili imekataa kutoa majina. Kuna vikundi vya semina 40, kila kimoja watu 30. Nikichagua nasibu vikundi 10 na kuwapa dodoso wote waliomo si napata 300 hiyohiyo?

---

Mchanganuzi:

Unapata karatasi 300, lakini taarifa za watu pungufu sana.

Watu wa kikundi kimoja wana ratiba moja, mwalimu mmoja wa semina, pengine kipindi cha saa moja asubuhi. Mahudhurio yao yatafanana. Mtu wa 20 wa kikundi anakuongezea machache ambayo 19 wa kwanza hawajakwambia. Kipimo cha hasara hiyo ni 1 + (m − 1) × ρ, ambapo m ni idadi ya watu unaowachukua kwa kila kikundi na ρ ni kiwango cha kufanana kwao. Tuseme ρ ni 0.05, ambayo inaonekana ndogo: 1 + 29 × 0.05 = 2.45. Kwa hiyo 300 ÷ 2.45 ni kama watu 122 waliochotwa mmoja mmoja. Ili upate usahihi wa 300 ungehitaji 735. Na ukichanganua kwa programu kama vile wamechotwa mmoja mmoja, makosa sanifu (kipimo cha kuyumba kwa makadirio) yatatoka madogo kuliko yalivyo na utaona "umaana" wa kitakwimu usiokuwepo.

Suluhisho lako liko kwenye namba ulizotaja mwenyewe: pita vikundi vyote 40 na uchote nasibu watu 10 kila kimoja. Ni 400. Kwa kuwa hakuna kikundi kilichoachwa, vikundi vimegeuka kuwa matabaka, na hasara ile ya kuchota vikundi vizima inaondoka. Na kama kila kikundi ni cha mwaka mmoja, 180, 120 na 100 za bi_takwimu zinatoka zenyewe.

Kuhusu majina, huyahitaji. Omba ofisi jambo moja tu: idadi ya watu kwa kila kikundi. Wewe chota namba za mistari, mfano kikundi cha 7 mistari ya 2, 5, 9, 11 na kuendelea, uwape ofisi au kiongozi wa kikundi, wao ndio watakaowapelekea wahusika barua ya mwaliko na dodoso lenye msimbo. Anayekubali anarudisha kwenye bahasha iliyofungwa. Ofisi haioni majibu, wewe huoni majina. Kamati ya maadili nayo itapenda mpango huo. Hakikisha tu mistari inafuata orodha rasmi, si ya waliohudhuria siku hiyo, kwa sababu aliyoieleza Kurunzi.

---

Tarakimu:

Mimi sipendi Yamane inavyotumika kama dua ya kufungulia sura ya tatu. Ni njia ya mkato: inaweka 2 mahali pa 1.96 (namba ya uhakika wa asilimia 95) na inachukulia jibu limegawanyika nusu kwa nusu. Ukitumia fomula ya Cochran: 1.96² × 0.5 × 0.5 ÷ 0.05² = 384.16, na ukirekebisha kwa walengwa 1,200 unapata 292. Jedwali la ukubwa wa sampuli la Krejcie na Morgan la 1970 linasema 291. Kugombania 300 au 291 ni kupoteza muda, zote ni fomula za ukoo mmoja.

Lililo muhimu ni kwamba zote zimetengenezwa kukadiria asilimia, kwa mfano "ni wanafunzi wangapi kwa mia wanatumia simu baada ya usiku wa manane". Lengo lako wewe ni uhusiano wa vigeu viwili. Hapo idadi hutegemea uhusiano mdogo kabisa ambao usingependa ukupite. Kwa nguvu ya asilimia 80 (nafasi ya kuuona uhusiano kama upo) na kiwango cha umaana 0.05 (nafasi ya kuona uhusiano usiokuwepo), kugundua uwiano wa 0.3 (namba ya nguvu ya uhusiano, 0 ni hakuna na 1 ni kamili) kunahitaji takriban watu 85, wa 0.1 unahitaji takriban 783. Watu 300 wanakutosha kuona uhusiano wa wastani kwa raha, na dhaifu kiasi. Ule dhaifu sana utakupita, na ukikupita usiandike "haupo". Andika umepata uwiano gani na wigo wake wa uhakika, yaani toka wapi hadi wapi ukweli unaweza kuwa.

Andika sentensi moja ya namna hiyo kwenye andiko. Msimamizi atajua umefikiri.

---

Sikio la Tatu:

Nijibu la wale 15, maana kila mtu kawaruka.

Hapo ndipo usampulishaji lengwa unapokaa mahali pake. Kwenye mahojiano hukadirii asilimia, unatafuta maelezo: namna gani usiku wa simu unageuka kuwa asubuhi ya kukosa kipindi, na kwa nani haugeuki. Kwa hiyo chagua kwa makusudi baada ya dodoso kurudi. Ukigawa kwa simu nyingi au chache, mahudhurio mazuri au mabaya, unapata vyumba vinne. Wanne kila chumba ni 16. Chumba chenye utajiri ni kile cha simu nyingi na mahudhurio mazuri, kwa sababu kinapingana na dhana yako. Wengi hukiacha na kuhoji watoro watupu, kisha wanashangaa mbona kila mtu kakubaliana nao.

Weka swali mwishoni mwa dodoso: "Je, uko tayari kuhojiwa? Kama ndiyo, tumia msimbo huu kupanga muda." Bila hivyo hutawapata tena.

Je, 15 wanatosha? Dhana ya kuhoji mpaka data ishibe, yaani mpaka mahojiano yasilete jipya, inatoka kwa Glaser na Strauss, 1967. Guest, Bunce na Johnson mwaka 2006 walichambua mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria wakakuta mada nyingi zilijitokeza ndani ya mahojiano 12 ya kwanza. Ila wale walikuwa kundi linalofanana, swali lilikuwa finyu, na maswali yalikuwa yaleyale kwa kila mtu. Usiichukue 12 kama fomula nyingine. Tengeneza jedwali: mahojiano ya 1, mada mpya ngapi, ya 2, ngapi. Matatu mfululizo yakipita bila mada mpya, simama. Ili ufanye hivyo lazima unukuu na kuweka misimbo ndani ya siku mbili tatu baada ya kila mahojiano, si kurundika rekodi 15 hadi mwisho.

Na tafadhali, usiandike "asilimia 67 ya waliohojiwa walisema" kwa watu 15.

---

Kurunzi:

Nimalizie namba 3 na 4 za msimamizi.

Kizio cha uchanganuzi ni kile ambacho kila mstari wa data yako unakiwakilisha na hitimisho lako linakihusu. Kwako ni mwanafunzi mmoja mmoja. Nadhani msimamizi aliuliza kwa sababu mahali fulani umepanga kutumia wastani wa mahudhurio ya darasa. Ukilinganisha wastani wa simu wa vikundi 40 na wastani wa mahudhurio wa vikundi 40, kizio kimekuwa kikundi na huruhusiwi kusema "mwanafunzi anayetumia simu sana hukosa vipindi". W. S. Robinson alionyesha hatari hii mwaka 1950 kwa data za sensa ya Marekani ya 1930: majimbo yenye wahamiaji wengi yalikuwa na wasiojua kusoma wachache, lakini ukiangalia mtu mmoja mmoja, wahamiaji ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutojua kusoma. Walikuwa wamehamia zaidi kwenye majimbo ambako wenyeji wengi walijua kusoma. Data za ngazi mbili, majibu yanayopingana, na yote mawili ni sahihi katika ngazi yake.

"Athari" inadai kwamba simu ndiyo inayosababisha utoro. Dodoso la mara moja linapima vyote kwa wakati mmoja, halijui kipi kilitangulia. Huenda asiye na kipindi asubuhi ndiye anayekesha. Huenda jambo la tatu linasukuma vyote: kazi ya usiku, maradhi, msongo wa mawazo. Badilisha kichwa kiwe "Uhusiano kati ya…" na uweke maswali ya hayo mambo ya tatu ili uyadhibiti kwenye uchanganuzi. Haitakupa usababishi kamili, lakini itaondoa maelezo mepesi.

Upande wa vipimo, angalia dodoso lako. "Je, unatumia simu sana usiku?" halipimi kitu, kila mtu ana "sana" yake. Uliza: "Jana, kuanzia saa nne usiku hadi ulipolala, ulitumia simu dakika ngapi?" na urudie kwa siku mbili tofauti, mojawapo ya wikendi. Simu nyingi zina kumbukumbu ya muda wa matumizi kwenye mipangilio; omba mhojiwa asome namba kutoka hapo badala ya kukisia. Mahudhurio usimuulize yeye; akiridhia kwa maandishi, ofisi ikupe rekodi yake ya daftari la mahudhurio kwa msimbo, bila jina. Watu hupunguza utoro wao wanapojiripoti. Na usiulize mawili kwa pamoja: "Simu inakuchelewesha kulala na kukukosesha vipindi?" Anayelala kwa kuchelewa lakini anahudhuria atajibu nini?

---

bi_takwimu:

Hapo kwenye dodoso niongeze alfa ya Cronbach, kwa sababu najua litafuata. Alfa hupima jinsi majibu ya vipengele yanavyokubaliana, na ni ya kundi la vipengele vinavyopima jambo moja, mfano vipengele vinane vya kukubali au kukataa kuhusu utegemezi wa simu. Usiingize umri, jinsia na dakika za simu kwenye alfa moja ya "dodoso zima". Kipengele kilichoandikwa kinyume ("Naweza kuiacha simu usiku kucha bila wasiwasi") kigeuzwe alama kwanza, 5 iwe 1, 4 iwe 2, la sivyo alfa inaporomoka, hata kwenda chini ya sifuri. Kiwango cha 0.7 kinachotakiwa ni desturi, si sheria. Na alfa kubwa haithibitishi uhalali, yaani kwamba unapima ulichokusudia. Vipengele vinaweza kukubaliana vizuri sana huku vyote vikipima jambo usilolikusudia.

Jaribio la awali lifanye kwa watu 20 hadi 30 wanaofanana na walengwa lakini hawamo kwenye sampuli. Kaa na watano kati yao, uwaombe waseme kwa sauti wameelewaje kila swali. Hapo ndipo maswali mabovu hujianika, kuliko kwenye alfa yoyote.

---

Mwanzo Mgumu:

Nimeelewa, naandika upya kuanzia orodha. La mwisho dogo: rafiki yangu ana walengwa haohao 1,200 ila kaweka kosa la asilimia 10, Yamane ikampa 92.3. Anazungusha vipi?

---

Tarakimu:

Juu. 93. Huwezi kuhoji sehemu ya mtu, na ukishuka unavuka kosa uliloahidi. Lakini mwambie kwa asilimia 10, akipata jibu la 55 kwa mia, ukweli unaweza kuwa 45 au 65. Kama swali lake ni "wengi wanakubali au hawakubali", hatakuwa na jibu.